Namna Elimu ya Kiayalandi Ilivyoingia katika Vyuo Vikuu

Lugha yaweza kuheshimiwa ikiwa imeandikwa juu ya ngozi na mtu aliyekufa zamani, na lugha ile ile ikadharauliwa ikisemwa sokoni na mtu aliye hai. Hilo ndilo lililotokea kwa lugha ya Kiayalandi katika karne ya 19. Hati zake za kale zilitunzwa katika makabati ya Chuo cha Trinity mjini Dublin, na miongoni mwao kilikuwamo Kitabu cha Leinster, kilichoandikwa katika karne ya 12. Wageni walivuka bahari kwenda kuzitazama. Lakini mkulima wa magharibi aliyesema lugha ya hati hizo alihesabiwa kuwa mjinga, na mtoto wake alipokwenda shule alifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Basi habari ya kuingia kwa historia, fasihi na mila za Waayalandi katika vyuo vikuu si habari ya mitaala na mitihani peke yake. Ni habari ya watu waliobishana juu ya swali moja: je, taifa lililoshindwa lina jambo lolote la kuwafundisha wasomi?

Swali hilo lisingeulizwa hapo kale. Kabla ya karne ya 17 Ayalandi ilikuwa na shule zake za ushairi, sheria, tiba na historia, nazo zilishikwa na jamaa maalumu, baba akimrithisha mwana. Mshairi hakuwa mtu wa kutumbuiza tu. Alikuwa mtunza nasaba, shahidi wa mipaka na mshauri wa mtawala, na alisoma kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kutunga mbele ya watu. Shule hizo ziliishi kwa ukarimu wa watawala wa Kiayalandi. Watawala hao waliposhindwa katika vita vya Kinsale mwaka 1601, na wakuu wao wakakimbilia bara la Ulaya mwaka 1607, mti ulikatwa na ndege wakakosa pa kukaa. Wengine walitorokea ng'ambo. Katika mji wa Louvain watawa wa Mtakatifu Fransisko walianzisha nyumba ya masomo, na mwaka 1611 wakapiga chapa mjini Antwerp kitabu kwa herufi za Kiayalandi. Ni kutoka nyumba hiyo alikotumwa bradha Mícheál Ó Cléirigh mwaka 1626, arudi nchini kwao akakusanye habari za kale kabla hazijapotea. Yeye na wenzake walifanya kazi hiyo katika Donegal kati ya mwaka 1632 na 1636, wakatunga tarikh kubwa ya nchi ijulikanayo kwa jina la Tarikh ya Mabwana Wanne. Waliandika kama watu waokoao vyombo katika nyumba inayoungua.

Wakati huo Ayalandi ilikuwa tayari na chuo kikuu. Chuo cha Trinity kilianzishwa mwaka 1592 kwa amri ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ili kuimarisha dini ya Kiprotestanti na utawala wa Kiingereza. Kiayalandi hakikukatazwa humo kabisa. William Bedell, aliyekuwa mkuu wa chuo tangu 1627 hata 1629, alitaka wahubiri wajifunze lugha ya watu, na Agano la Kale lililofasiriwa chini ya usimamizi wake lilichapishwa mwaka 1685, naye amekwisha kufariki. Lakini nia yake ilikuwa kuwageuza watu dini. Lugha ilitakiwa iwe ngazi, na mtu akisha kupanda ngazi huiacha ukutani. Hata Trinity ilipoweka kiti cha uprofesa wa Kiayalandi mwaka 1840, shabaha ilikuwa ile ile ya kuwaandaa wahubiri.

Katika miaka hiyo watu wawili wasio na shahada walikuwa wakijenga msingi wa elimu yenyewe. John O'Donovan na Eugene O'Curry walikuwa wana wa wakulima, nao waliajiriwa katika kazi ya serikali ya kupima nchi na kuchora ramani. Kazi ya O'Donovan ilikuwa kuzunguka wilaya kwa wilaya kuuliza majina ya vijiji, mito na vilima, ili yaandikwe sawasawa. Alimsikiliza mzee wa kijiji, kisha akalinganisha maneno yake na yaliyoandikwa katika hati. Kwa njia hiyo alitambua kuwa kumbukumbu ya mtu asiyejua kusoma yaweza kusahihisha kosa la karani, na karani naye aweza kusahihisha kumbukumbu ya mzee. Kati ya mwaka 1848 na 1851 alichapisha Tarikh ya Mabwana Wanne pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo mengi ambayo wanahistoria huyategemea mpaka leo.

Vyuo vitatu vya Malkia vilifunguliwa mwaka 1849 katika miji ya Belfast, Cork na Galway, na O'Donovan akapewa uprofesa wa lugha za Kikelti katika Belfast. Kiti kilikuwapo, na mwalimu hodari alikuwapo, ila wanafunzi karibu hapana. Wala haikuwa ajabu. Nchi ilikuwa katika Njaa Kuu ya mwaka 1845 hata 1852, maradhi yalipoharibu viazi, chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Waliopatwa zaidi walikuwa wakulima wanyonge wa magharibi, yaani wale wale wenye lugha. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha wasemaji wa Kiayalandi milioni moja na nusu hivi. Mwaka 1901 walikuwa wamebaki kama 640,000. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe atapanda meli kwenda Boston au Liverpool hakuona faida ya kumpa lugha isiyovuka bahari. Kwa hiyo elimu ya Kiayalandi ilianza kupata maprofesa katika miaka ile ile ilipokuwa ikipoteza wasemaji.

O'Curry alipata bahati iliyo bora kidogo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilipoanzishwa mjini Dublin mwaka 1854 chini ya John Henry Newman, yeye alifanywa profesa wa historia na mambo ya kale ya Ayalandi. Newman, Mwingereza aliyesoma Oxford, alihudhuria mihadhara yake akiketi pamoja na wanafunzi. Mihadhara hiyo ilitolewa kitabu mwaka 1861, nayo ilikuwa maelezo kamili ya kwanza ya hati za historia ya kale ya nchi hiyo: ziko wapi, zina nini ndani yake, na zaweza kuaminiwa kadiri gani. O'Donovan alifariki mwaka ule ule wa 1861, na O'Curry mwaka uliofuata.

Heshima kubwa, hata hivyo, ilitoka ugenini. Mwaka 1853 Mjerumani mmoja, Johann Kaspar Zeuss, alichapisha sarufi ya lugha za Kikelti kwa Kilatini, iitwayo *Grammatica Celtica*. Zeuss hakuijifunza lugha katika vijiji vya Kerry wala Galway. Aliipata katika maktaba za Würzburg, St. Gallen na Milano, ambamo watawa wa Kiayalandi wa karne ya 8 na ya 9 walikuwa wameandika maelezo mafupi ya Kiayalandi pembeni na kati ya mistari ya vitabu vya Kilatini. Mtawa aliyekwama katika neno la Mtume Paulo aliandika maana yake kwa lugha ya mama yake. Na baada ya miaka elfu moja, maandishi hayo madogo yakawa ushahidi wa kwamba Kiayalandi ni ndugu wa Kilatini, Kiyunani na Kisanskriti, na kwamba kiliandikwa mapema kuliko lugha nyingi za Ulaya. Tangu hapo hapana mwanachuoni wa lugha katika Leipzig, Berlin au Copenhagen aliyeweza kukipuuza. Ernst Windisch, Heinrich Zimmer, Kuno Meyer, Rudolf Thurneysen na Holger Pedersen walikifanya kuwa sehemu ya elimu ya ulinganisho wa lugha. Oxford nayo, baada ya mihadhara ya Matthew Arnold juu ya fasihi ya Kikelti iliyochapishwa mwaka 1867, ilimweka John Rhys katika kiti cha Kikelti mwaka 1877.

Nabii hana heshima nchini kwake. Maneno hayo yalitimia mwaka 1899, tume ilipokuwa ikichunguza masomo ya shule za sekondari za Ayalandi. Tangu mwaka 1878 Kiayalandi kilikuwa kimeruhusiwa katika mitihani ya shule hizo chini ya jina la "Kikelti", na sasa iliulizwa kama kistahili kubaki. Wanachuoni wawili wa Trinity walitoa ushahidi wa kukipinga. Mmoja, J. P. Mahaffy, alikuwa bingwa wa historia ya Wayunani, naye hakujua Kiayalandi. Alidai kwamba ni vigumu kupata kitabu cha Kiayalandi kisicho cha dini, au cha upuuzi, au cha aibu. Ushahidi wa wa pili ulikuwa na uzito zaidi. Robert Atkinson alikuwa profesa wa Kisanskriti na lugha zitokanazo na Kilatini, na yeye mwenyewe alikuwa amehariri hati za kale za Kiayalandi. Hata hivyo alisema kwamba lugha ya siku hizo haikuwa imetulia vya kutosha kufundishwa, na kwamba hadithi za watu zilikuwa za namna isiyofaa kusomwa na vijana.

Ushahidi wa Atkinson wastahili kuangaliwa kwa makini, maana haukuwa ushahidi wa mtu asiyejua. Yeye aliipenda lugha kama daktari apendavyo mifupa. Katika hati ya karne ya 12 aliona kanuni, na katika kinywa cha mvuvi aliona fujo. Hakukubali kuwa kinywa hicho kilikuwa kimetokana na hati ile kwa njia ya watoto na wajukuu. Douglas Hyde alimjibu. Hyde alikuwa mwana wa kasisi wa Kiprotestanti kutoka Roscommon, amesoma Trinity yenyewe, lakini Kiayalandi alijifunza kwa wazee wa kijijini kwao. Mwaka 1892 alikuwa ametoa hotuba juu ya haja ya kuwaponya Waayalandi na uigaji wa Kiingereza, na mwaka 1893 yeye na Eoin MacNeill na wenzao wakaunda Chama cha Kigaeli cha kufufua lugha. Katika mabishano ya 1899 hakutegemea uzalendo. Aliwaandikia wanachuoni wa Ulaya, nao Windisch, Zimmer, Meyer, Pedersen na wengine wakaleta barua za kuitetea fasihi hiyo. Tume ikasikia kutoka Ujerumani na Denmark sifa za jambo ambalo Dublin ilikuwa ikilionea haya, na Kiayalandi kikabaki katika masomo. Mwaka huo huo Hyde alichapisha historia ya fasihi ya Ayalandi, kitabu kikubwa kilichokuwa jibu refu zaidi kuliko barua zote.

Ushindi huo ulikuwa na upungufu wake. Waayalandi waliopenda lugha yao hawakuwa na mahali nchini kwao pa kujifunzia Kiayalandi cha kale kwa kanuni za elimu mpya. Ilikuwa lazima waende Ujerumani. Kuno Meyer, aliyekuwa akifundisha Liverpool, aliona kasoro hiyo, na mwaka 1903 akaanzisha mjini Dublin Shule ya Elimu ya Kiayalandi. Yeye na John Strachan walifundisha humo wakati wa likizo za kiangazi, na mwaka 1904 shule ilitoa jarida lake, *Ériu*, ambalo lingali likitoka. Wanafunzi walikuwa waalimu, makarani na mapadri. Katika shule hiyo alipata malezi Osborn Bergin, ambaye baadaye alikwenda Ujerumani kwa Thurneysen, akarudi kuwa mwalimu wa kizazi kizima. Sarufi ya Thurneysen ya Kiayalandi cha kale ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1909. Mwaka 1946 Bergin na D. A. Binchy waliitoa kwa Kiingereza, na mwanafunzi asomaye somo hilo leo hana budi kuipitia.

Pigano kubwa kuliko yote lilikuja na Sheria ya Vyuo Vikuu vya Ayalandi ya mwaka 1908. Kwa sheria hiyo Belfast ilipata chuo kikuu chake, na vyuo vya Dublin, Cork na Galway vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa. Bunge la London liliacha mikononi mwa baraza la chuo uamuzi wa masomo ya kuingilia. Mara Chama cha Kigaeli kikadai kwamba mtu asiingie chuo hicho pasipo kufaulu mtihani wa Kiayalandi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: shule hufundisha linalotakiwa na chuo; chuo kisipolitaka somo, shule italiacha, na chuo kiitwacho cha taifa kitakuwa cha taifa kwa jina tu. Waliopinga nao hawakuwa wote maadui wa lugha. Kamati ya maaskofu wa Kikatoliki ilihofu kwamba vijana ambao hawakufundishwa Kiayalandi shuleni wangefungiwa mlango, wakaenda Trinity. John Dillon, mbunge mzalendo, alipinga kulazimisha. Aliona kwamba lugha haipendwi kwa amri.

Katika ugomvi huo aliumia mtu mmoja hasa. Padri Michael O'Hickey alikuwa profesa wa Kiayalandi katika chuo cha mapadri cha Maynooth, naye aliandika kwa maneno makali dhidi ya wakubwa waliopinga, wakiwamo maaskofu. Mwaka 1909 aliondolewa katika uprofesa wake. Alikwenda kudai haki yake mbele ya mahakama ya Kanisa huko Roma, akakaa miaka akingoja, na mwisho akashindwa. Alifariki mwaka 1916. Neno alilolipigania lilikuwa limekwisha kushinda yeye akiwa bado safarini: halmashauri za wilaya, ambazo ndizo zilizotoa fedha za kuwalipia wanafunzi, zilisema hazitatoa fedha kwa chuo kisichotaka Kiayalandi, na mwaka 1910 baraza la chuo likaamua kuwa lugha itakuwa sharti la kuingia tangu mwaka 1913. Mlango uliogoma kufunguka kwa hoja za wanachuoni ulifunguka kwa mfuko wa mlipa kodi. Sharti hilo lingalipo, ijapokuwa wengi husamehewa, kama vile waliozaliwa au kusomea nje ya nchi.

Viti sasa vilipata watu. Katika Chuo cha Dublin Hyde alifundisha Kiayalandi cha siku hizi tangu 1909 hata 1932, na MacNeill alifundisha historia ya kale. Mary Hayden aliteuliwa mwaka 1911 kuwa profesa wa historia mpya ya Ayalandi, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wakati ule. MacNeill ndiye aliyeonyesha kwamba sheria na nasaba za kale, zikipimwa kwa uangalifu, zaweza kutumika kuandika historia iliyo mbali na ngano na mbali na majivuno. Lakini chuo hakikuweza kukaa kando ya mambo ya nchi. MacNeill mwenyewe aliongoza jeshi la kujitolea. Na Thomas MacDonagh, mhadhiri wa Kiingereza katika chuo hicho hicho, alipigwa risasi na Waingereza mwezi Mei 1916 kwa kushiriki katika maasi ya Pasaka. Kitabu chake juu ya fasihi katika Ayalandi kilitoka mwaka huo, baada ya kifo chake. Humo alijaribu kueleza jinsi Kiingereza cha Waayalandi kinavyobeba mapigo ya lugha iliyokitangulia.

Baada ya uhuru wa mwaka 1922 elimu hiyo ilipata serikali ya kuilinda, lakini ilianza na msiba. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Nyumba ya Kumbukumbu za Serikali katika Four Courts ililipuka na kuungua. Kumbukumbu za karne saba, na madaftari mengi ya hesabu ya watu ya karne ya 19, viligeuka majivu. Wanahistoria waliofuata walifanya kazi kama mtu asomaye barua iliyoliwa nusu na mchwa. Tangu mwaka 2022 Trinity inaongoza hazina ya mtandaoni inayokusanya nakala za kumbukumbu hizo kutoka maktaba nyingine za dunia.

Serikali mpya ilitazama zaidi upande wa lugha. Kwa sheria ya mwaka 1929 chuo cha Galway kilitakiwa kuwapendelea waalimu wawezao kufundisha kwa Kiayalandi. Na Mwingereza George Thomson alifundisha Kiyunani humo kwa Kiayalandi, lugha aliyojifunza kwa wavuvi wa Kisiwa Kikubwa cha Blasket. Mwaka 1935 iliundwa Tume ya Mapokeo ya Watu, ikiongozwa na Séamus Ó Duilearga. Hapo ndipo hoja ya Atkinson ilipojibiwa kwa vitendo. Kabla ya hapo Ó Duilearga alikuwa amekaa miguuni pa Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi wa Kerry asiyejua kusoma, akaandika hadithi zake moja baada ya moja; kitabu chake kilichapishwa mwaka 1948, miaka 17 baada ya mzee huyo kufariki. Wakusanyaji wa tume walikwenda vijijini na mashine za kunasia sauti juu ya mirija ya nta. Nta ilikuwa ghali. Kwa hiyo maneno yalipokwisha kunakiliwa, mrija ulikwanguliwa ili utumike tena, na sauti ya mzee ikafutika kwa ajili ya kuokoa sauti ya mwingine. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule wapatao 50,000 walitumwa kuwauliza wazee wao habari za kale na kuziandika katika madaftari. Mwaka 1971 mkusanyo wote ulihamishiwa katika Chuo cha Dublin. Masimulizi ya watu ambao Atkinson aliwaona hawafai kusomwa na vijana yakawa somo la chuo kikuu, lenye wahadhiri na shahada.

Upande wa historia, vijana wawili waliosoma London, T. W. Moody na Robert Dudley Edwards, walianzisha jarida *Irish Historical Studies* mwaka 1938. Mmoja alitoka Belfast na mwingine Dublin, na jarida lao lilikuwa la nchi nzima ijapokuwa nchi ilikuwa imegawanywa. Walitaka historia iandikwe kwa ushahidi, bila kuhubiri. Katika jambo hilo walifanya kazi kubwa; na mpango wa Moody wa Historia Mpya ya Ayalandi, alioutangaza mwaka 1962, ulitoa juzuu zake tangu 1976 hata 2005. Lakini njia hiyo ilizaa shutuma zake. Mwaka 1989, katika jarida lile lile, Brendan Bradshaw aliwalaumu wanahistoria wenzake kwa kuandika juu ya mateso kwa moyo mkavu, na kwa kuyakwepa mambo mazito. Mfano alioutumia ni Njaa Kuu. Na ni kweli kwamba vyuo vikuu vilikuwa vimetoa kitabu kimoja tu kikubwa juu yake, mwaka 1956, na kwamba kitabu kilichosomwa na watu wengi, cha mwaka 1962, kiliandikwa na Cecil Woodham-Smith, mwanamke asiyekuwa mwalimu wa chuo chochote. Wengine walijibu kwamba kazi ya mwanahistoria si kulia. Mabishano hayo hayajakwisha, nayo yamewafaa wanafunzi, kwa maana tangu wakati huo tafiti juu ya Njaa Kuu zimeongezeka sana.

Fasihi nayo ilikuwa na kesi yake. Waandishi ambao dunia iliwajua kuwa wa Ayalandi, kama Yeats aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1923 na Shaw aliyeipata ile ya 1925, waliandika kwa Kiingereza. Je, fasihi yao ni ya taifa? Daniel Corkery, aliyekuwa profesa wa Kiingereza katika Cork, aliuliza swali hilo katika kitabu chake juu ya Synge cha mwaka 1931, akaweka dini, ardhi na uzalendo kuwa vipimo. Na kwa vipimo hivyo wengi walibaki nje. Walimu waliofuata walivikataa vipimo hivyo kuwa ni finyu. Hata hivyo suala la nani aingie na nani atoke halikufa. Mwaka 1991 ulitolewa mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Waayalandi katika juzuu tatu, uliohaririwa na Seamus Deane. Ulikusanya maandiko ya Kiayalandi, Kilatini na Kiingereza ya karne nyingi, lakini wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Lawama zikawa kubwa, na mwaka 2002 juzuu mbili zaidi, za wanawake, zikaongezwa. Wale waliokuwa wamedai haki ya taifa lililosahauliwa walikumbushwa kwamba nao walikuwa wamesahau nusu ya taifa hilo.

Leo elimu hii hufundishwa mbali na kwao pia. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani kilipokea dola 50,000 za wahamiaji mwaka 1896 kwa ajili ya kiti cha Kigaeli. Belfast ilianzisha taasisi yake ya elimu ya Ayalandi mwaka 1965, Liverpool mwaka 1988. Mwanafunzi wa somo hili hujifunza kusoma hati, kuchambua riwaya, kupima takwimu za uhamaji na kusikiliza masimulizi. Na kila moja ya mambo hayo manne liliingia kwa kupigania nafasi yake. Ila upungufu wa tangu siku za O'Donovan haujaondoka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 katika Jamhuri, watu 1,873,997 walisema wanajua Kiayalandi. Waliokisema kila siku nje ya shule walikuwa 71,968. Kisiwa Kikubwa cha Blasket, kilichowasomesha Thomson na wanachuoni wengine wa Uingereza na Norwei, kilihamwa na watu wake mwaka 1953. Uprofesa haukuweza kukiokoa kijiji.

Kwa hiyo mtu apimapo faida ya elimu hii asiitazame kwa idadi ya viti vyake. Yafaa aangalie madaftari ya watoto wa 1937, ambayo sasa yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Msomaji aandikapo jina la kijiji huletewa ukurasa wenye mwandiko wa mtoto, na juu yake jina la mzee aliyesimulia. Aghalabu mtafutaji huyo si mwanachuoni. Ni mjukuu anayemtafuta bibi yake.